Nilivyojitia Tetekuwanga Ili Nisipande Meli

Mwezi wa pili mwaka juzi, mimi Halvard, mtu mzima wa miaka sitini na moja, fundi seremala mstaafu na babu wa wajukuu wanne, nilisimama mbele ya kioo cha bafu la hoteli mjini Bergen nikijichora madoa mekundu usoni.

Madoa ishirini na matatu. Niliyahesabu.

Nilitumia rangi ya mdomo ya mke wangu.

Sikuwa nimelewa. Akili zilikuwa timamu. Nilichotaka ni kimoja tu, nisipande meli.

Ngoja nirudi mwanzo. Nikianzia bafuni mtanicheka bila sababu, na mimi nataka mnicheke mkiwa na sababu zote mkononi.

Mama mkwe wangu anaitwa Borghild. Ana miaka themanini na minne, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Hamar, na sisi nyumbani tunamwita Bi Mkubwa. Marehemu mumewe alimwahidi kwa miaka arobaini kwamba watapanda meli ya pwani kutoka Bergen mpaka Kirkenes, kule juu kabisa karibu na Urusi, halafu warudi. Kila mwaka kukawa na jambo. Mara paa linavuja. Mara viazi havijavunwa. Mara goti. Mzee wa watu akafariki bila hata kuiona hiyo meli.

Sasa Jumapili moja ya vuli Bi Mkubwa akaja kula kwetu. Tumekaa mezani, akatoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka kando ya bakuli la viazi.

"Februari tunakwenda meli," akasema. "Mimi, Turid na Halvard. Siku kumi na mbili. Nimechukua chumba kimoja chenye vitanda vitatu, tusije tukapoteana."

Kiazi kikanikwama kooni.

Mjue kitu kimoja. Mimi na bahari hatupatani. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipanda kivuko cha kwenda Denmark, nikatapika kwenye kofia ya mchungaji.

Kofia ilikuwa kichwani mwake.

Tangu siku hiyo sijapanda chombo chochote cha baharini.

Shida ni kwamba wakati namtongoza Turid, miaka thelathini na sita iliyopita, nilikuwa nashindana na jamaa mmoja mrefu mwenye pikipiki. Mimi sikuwa na pikipiki. Nikamwambia nimewahi kuwa baharia.

Akanikubali. Uongo ukakaa. Mtu unaanzia wapi kuufuta, baada ya watoto watatu?

Kwa hiyo pale mezani Turid akanigeukia na tabasamu pana. "Halvard atafurahi sana. Si ndiye baharia wetu?"

"Sana," nikasema. "Nimefurahi mno."

Bi Mkubwa akatabasamu. Turid akatabasamu. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Na hapo ndipo nilipoanza kupanga njama.

Njama ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Asubuhi ya safari nikazificha tiketi chini ya gazeti jikoni. Tumefika stesheni ya Hamar, baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, pua zimeganda, nikaanza kujipapasa mifukoni kama mwigizaji.

"Jamani. Tiketi nimeziacha."

Bi Mkubwa hata hakushtuka. Akaingiza mkono kifuani, ndani ya koti, ndani ya sweta, ndani ya sweta jingine, akatoa karatasi zimekunjwa mara nne.

"Nilitoa nakala," akasema. "Nimekaa na mwanaume miaka hamsini na tano. Nawajua."

Treni ikaja. Tukapanda.

Oslo tukabadilisha, tukaingia treni ya Bergen. Viti vyetu vilikuwa vya watu wanne wanaotazamana, meza katikati. Kiti cha nne alikaa mzee mmoja mwenye masharubu mazito meupe na sweta la kijani. Akatikisa kichwa kutusalimu, akafungua gazeti. Tukajua ni mtu mstaarabu, maana kwetu mtu mstaarabu kwenye treni ni yule asiyekusemesha.

Lakini haikupita nusu saa Bi Mkubwa akaanza.

"Nasikia mwaka huu bahari ni mbaya sana."

Nikaacha kutafuna.

"Jirani yangu alikwenda mwezi uliopita," akaendelea, anafuma soksi wala hanitazami. "Anasema mawimbi yalikuwa yanapiga dirisha la ghorofa ya sita."

"Ya saba," akasema mzee wa masharubu, nyuma ya gazeti.

Wote tukamwangalia.

"Samahani kuingilia," akasema. "Naitwa Ingolf. Na mimi nakwenda kupanda meli hiyo hiyo. Nimesikia ni ya saba."

"Umesikia, Halvard?" Bi Mkubwa akaniambia. "Ya saba. Na vyumba vyenyewe vidogo. Mtu akigeuka kitandani, mwenzake anaanguka."

"Na kelele za injini," Ingolf akaongeza.

"Na harufu ya dizeli," akamalizia Bi Mkubwa.

Turid akawa mweupe kama karatasi. Nikadhani anamwonea huruma mama yake kwa kuogopa. Nikamshika mkono.

"Usijali, mke wangu. Mimi nimezoea."

Aisee, mdomo wangu huu. Sijui Mungu aliuweka wa nini.

Ingolf akafungua chupa yake ya chai, ikawa ni kahawa. Akamimina kikombe, akadumbukiza vipande viwili vya sukari, akamsogezea Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akanywa, akashukuru. Kikawaida tu. Mimi nikaona huyu mzee kalelewa vizuri. Basi. Sikuona kingine.

Treni ikapanda milima. Nje hakuna mti, hakuna nyumba, ni weupe mtupu, upepo unafagia theluji kama mtu anayefukuza kuku. Tulipofika Finse, kituo cha juu kabisa, treni ikasimama.

Ikasimama na ikabaki imesimama.

Sauti ikatoka juu. "Ndugu abiria, reli mbele imefunikwa na theluji. Tunasubiri mashine ya kuisafisha. Kwa sasa hatujui tutakaa muda gani. Tunaomba radhi."

Watu wakaguna. Mimi nikainuka nikasema nakwenda msalani. Nikaenda kwenye uwazi kati ya mabehewa, nikahakikisha niko peke yangu, nikacheza.

Nilicheza kwa miguu na mabega. Sijacheza hivyo tangu harusi ya binti yangu.

Mlango ukafunguka. Kondakta, dada mmoja mwenye kofia imemkaa upande, akaniangalia.

"Mzee, uko salama?"

"Nanyoosha mgongo."

"Haya. Usinyooshe sana, hakuna daktari."

Nikarudi kukaa, uso wa huzuni nimeuvaa vizuri. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili. Mkahawa wa treni ukaishiwa soseji, halafu mikate, mwishowe ikabaki haradali tupu. Bi Mkubwa akatoa mkoba wake, humo mlikuwa na lefse, ile mikate yetu myembamba kama chapati, yenye siagi na sukari, jibini ya kahawia, machungwa sita na kisu. Tukala kama wafalme. Ingolf akatoa karata, akatufunga raundi saba mfululizo, bila kutabasamu.

Turid akatazama dirishani. "Mama, tukikwama hapa mpaka kesho jioni, meli itatuacha?"

"Itatuacha."

"Ah," akasema Turid.

Mimi nikasikia *ah* ya mtu aliyesikitika. Nimeishi na huyu mwanamke miaka thelathini na sita nikashindwa kuitambua *ah* yake.

Saa ya nne mashine ikaja, kubwa, ya manjano, inarusha theluji pande zote mbili. Behewa zima likalipuka makofi. Bi Mkubwa alipiga makofi. Ingolf alipiga makofi. Mimi nikapiga makofi mawili, nikaishiwa nguvu.

Bergen tuliingia saa moja jioni. Mvua inanyesha. Bergen mvua hainyeshi, inakaa pale kama mkazi. Tukaburuta mabegi mpaka hotelini, nyumba ya zamani ya mbao, ngazi zinalia, inaitwa Skomakeren. Na pale mapokezi tunamkuta nani? Ingolf, anasaini.

"Dunia ndogo," akasema.

"Ndogo sana," akasema Bi Mkubwa, mashavu yamemwiva.

Nikasema moyoni, maskini, baridi imempiga.

Sasa ndio asubuhi yenyewe. Meli ilikuwa iondoke saa mbili na nusu usiku ule, ila watu waliruhusiwa kupanda kuanzia saa kumi. Nilikuwa nimebakiwa na saa chache tu. Turid akashuka na mama yake kunywa chai. Mimi nikasema nitawafuata, nikajifungia bafuni, nikachukua rangi ya mdomo.

Madoa kumi na saba ya kwanza yalitoka vizuri. Sita ya mwisho yalitoka makubwa kidogo, miwani ilikuwa inanizuia.

Nikajitupa kitandani, nikavuta shuka mpaka kidevuni. Nikajizoeza kulalamika. Nikakohoa, halafu nikakumbuka tetekuwanga haina kikohozi.

Mlango ukafunguka. Turid anaingia anachechemea, ameshika ukuta, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji nene kama mkate.

"Halvard," akasema kwa sauti ya mgonjwa, "nimeteleza kwenye ngazi." Halafu akaniona. "Mungu wangu. Umefanya nini usoni?"

"Vipele vimetokea tu. Nahisi homa. Wewe mguu umefanyaje?"

"Umeteguka. Siwezi kukanyaga. Lakini wewe ndio mbaya zaidi."

"Hapana, wewe ndio mbaya zaidi. Mimi nitapona."

Tukabembelezana pale kama wapendanao wa miaka ishirini. Kisha Bi Mkubwa akaja. Akasimama mlangoni, miwani yake ya kusomea iko juu ya paji la uso, hata hakuishusha.

"Tetekuwanga," akasema.

Mimi mwenyewe nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali.

"Mama, Halvard aliugua tetekuwanga utotoni," akasema Turid.

"Inarudi. Kuna mtu namfahamu ilimrudia mara tatu. Na wewe mguu huo umevunjika."

"Hujauangalia."

"Naona kutoka hapa." Akavuta pumzi ndefu. "Basi. Hamuwezi kupanda meli. Mkipanda sitakuwa na amani. Nitakwenda peke yangu."

Nikasahau kuumwa, nikainua kichwa.

"Peke yako, Bi Mkubwa?" nikasema.

"Nimeshazoea kuwa peke yangu, mkwe wangu. Ni miaka minne sasa."

Akatubusu vipaji vya nyuso. Kwangu alitafuta mahali pasipo na doa. Saa tisa na nusu tukasikia begi lake likishuka ngazi, gudu, gudu, gudu. Kwa haraka ya ajabu, ukizingatia umri.

Tukabaki wawili. Mvua inagonga dirisha.

Nilikuwa nimeshinda. Sikujisikia kama mshindi hata kidogo. Kila nikifumba macho namuona yule mama amekaa peke yake kwenye chumba cha vitanda vitatu, anaangalia vitanda viwili vitupu. Miaka arobaini kaahidiwa safari, na ilipofika, mtu wa kumsindikiza amelala na rangi ya mdomo usoni.

Turid akaja kuketi ukingoni mwa kitanda. Akalamba kidole gumba, akanisugua shavuni.

"Halvard."

"Naam."

"Hii ni rangi yangu ya Krismasi."

Nikageuza macho upande, yakaangukia mguu wake.

"Turid."

"Nini?"

"Ulipoingia, bandeji ilikuwa mguu wa kushoto."

Akaangalia chini. Bandeji ilikuwa mguu wa kulia. Alikuwa ameenda kuoga, akafunga upya, akajisahau.

Tukaangaliana kama wezi wawili waliokutana kwenye nyumba moja.

"Sikutaka kupanda meli," nikasema. "Sijawahi kuwa baharia. Hata siku moja. Nilikudanganya kwa sababu ya yule jamaa wa pikipiki."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Halvard, mwezi wetu wa kwanza wa ndoa ulitapika kwenye mashua ya kukanyaga pedali. Ziwani. Ilikuwa bado imefungwa kamba kwenye gati."

Miaka thelathini na sita nimebeba siri ambayo mke wangu alikuwa na nakala yake.

"Sasa mbona ulisema nitafurahi?"

"Nilidhani unataka kujithibitishia. Wanaume mkistaafu mnakuwa hivyo. Mimi mwenyewe sikutaka hii safari tangu siku ya kwanza. Nampenda mama, lakini siku kumi na mbili chumba kimoja? Anakoroma kama msumeno wako wa umeme. Nilikuwa nasubiri wewe ukatae ili mimi nionekane mtoto mzuri."

"Na mimi nilikuwa nasubiri wewe."

Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikafa.

"Tumemwacha peke yake," akasema. "Mama yangu. Ana miaka themanini na minne na tumemdanganya wote wawili."

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Niliinuka. Mimi, mtu wa kofia ya mchungaji, niliinuka nikavaa viatu.

"Twende," nikasema.

"Wapi?"

"Melini. Nitatapika siku kumi na mbili, potelea mbali. Wewe utaziba masikio. Twende."

Turid akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu enzi za pikipiki. Akafungua bandeji. Tukasokomeza nguo kwenye mabegi, mswaki mmoja ukabaki, tukatoka.

Tulikimbia. Siwezi kusema tulikimbia vizuri. Mawe ya barabara za Bergen yameloa, mabegi yanaruka nyuma yetu, mvua inakuja kwa ubavu. Mama mmoja mwenye mbwa alituona tukija, akavuka barabara. Mbwa naye alivuta kamba kumwahisha.

Nilikuwa nimesahau madoa.

Pale kwenye jengo la kupandia meli, kijana wa kike wa tiketi akarudi nyuma hatua moja.

"Bwana, unatokwa damu?"

"Ni rangi ya mdomo."

"Sawa," akasema, na akatupigia mhuri. Nadhani wanaona mengi.

Bi Mkubwa tulimwona mwanzo wa foleni, karibu kabisa na mlango wa meli. Nilimtambua kwa koti lake la bluu. Sikumtambua kwa mambo mengine. Alikuwa amepaka poda. Amevaa hereni. Na mkono wake ulikuwa umepitishwa kwenye kwapa la mzee mwenye masharubu meupe.

"Mama," Turid akaita.

Bi Mkubwa akageuka. Nimeona nyuso nyingi zikisikitika maishani, lakini sijawahi kuona mtu akisikitika hivyo kwa kutuona sisi.

"Mmefuata nini?" akasema.

"Tumekuja. Tunakwenda wote, mama. Hatuwezi kukuacha peke yako."

"Halvard ana tetekuwanga."

"Imepona," nikasema, madoa yananitiririka shingoni.

"Na mguu uliovunjika?"

"Umepona pia," akasema Turid.

"Basi ile hoteli inashinda hospitali ya Hamar." Akavuta mkono wake polepole kutoka kwapani kwa Ingolf, kama mtoto aliyekamatwa na biskuti.

Ingolf akavua kofia. "Tumeshajuana," akasema. "Niliwafunga karata."

Hakuna aliyecheka.

"Mama," Turid akasema, "huyu unamfahamu tangu lini?"

"Tangu Januari. Kwenye bwawa la mazoezi ya wazee. Alinipa boya lake." Bi Mkubwa akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa nimeshalipia chumba cha watatu tangu vuli. Ningewaambiaje msije? Nikasema labda nikiwaambia habari za mawimbi mtaogopa wenyewe."

"Ghorofa ya saba," nikasema.

"Hiyo aliiongeza yeye. Nilimwambia asizidishe."

"Nilizidiwa," akasema Ingolf.

"Na leo asubuhi ulijua tunaigiza?" nikauliza.

"Halvard, doa moja lilikuwa juu ya miwani yako."

Turid hakuwa anacheka. Alisimama pale, maji yanamdondoka kwenye nywele, anamwangalia mama yake.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" akasema. "Mimi binti yako."

Nyuma yetu foleni ilikuwa imesimama na watu wote wamepatwa na hamu ghafla ya kusoma tiketi zao.

"Baba yako ana miaka minne tu kaburini," akasema Bi Mkubwa taratibu. "Na safari hii ni yeye aliyeniahidi. Nikaona utasema mama amekuwa mhuni, amechukua safari ya baba akampa mwanaume wa bwawani. Niliogopa, mwanangu. Miaka themanini na minne, namuogopa binti yangu."

Turid akaweka begi chini. Akamkaribia Ingolf, akamtazama toka juu mpaka chini kama anayenunua farasi.

"Ana meno yake?"

"Mengi," akasema Bi Mkubwa.

"Anakoroma?"

"Masikio yangu hayasikii vizuri," akajibu Ingolf mwenyewe, "kwa hiyo mimi sijui, na yeye akikoroma hanisumbui."

Turid akamkumbatia mama yake. Akamkumbatia kwa nguvu mpaka hereni moja ikadondoka, mimi nikapiga magoti kuitafuta kwenye maji. Nilipoinuka nilimkuta Bi Mkubwa anafuta macho, na poda yote imeishia kwenye koti la Turid.

"Sasa mnakuja au hamji?" akauliza.

Tukatazamana, mimi na mke wangu.

"Mama, kwa heshima zote," akasema Turid, "hapana."

"Afadhali," akasema Bi Mkubwa, na akapanda meli.

Saa mbili na nusu tulikuwa tena pale chini ya mvua, meli inaondoka, tunapunga mikono. Yeye na Ingolf walikuwa kwenye sitaha ya juu chini ya taa, wadogo kama njiti za kiberiti. Kisha tukarudi hotelini, tukakaa siku mbili zaidi, tukala supu ya samaki na kulala mchana. Turid alicheka usingizini. Ndio mapumziko mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyapata.

Mngedhani habari imeisha. Hata mimi nilidhani.

Siku ya tisa tuko nyumbani Hamar, simu ikaita.

"Tunarudi kusini," Bi Mkubwa akasema. "Ingolf ameniomba tuoane. Nimekubali. Tunafanya sherehe ya uchumba humu humu melini keshokutwa, nahodha ametupa ukumbi mdogo. Pandeni Trondheim asubuhi."

"Hongera sana, Bi Mkubwa," nikasema. "Lakini humo melini..."

"Ni siku moja tu. Nataka watu wangu."

Hapo utasemaje? Tukachukua treni ya Trondheim, tukapanda meli. Nilipanda kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Sherehe ilianza alasiri. Na ile alasiri meli inapita sehemu inaitwa Hustadvika, ambako bahari haina kisiwa cha kuikinga, iko wazi kabisa. Keki imewekwa mezani. Ingolf amevaa tai. Turid ameandaa hotuba.

Mawimbi yakaanza.

Ghorofa ya saba hayakufika, lakini yalitosha. Sahani zikateleza upande mmoja, zikarudi upande mwingine. Turid alisoma mistari mitatu ya hotuba, akaweka karatasi chini, akaondoka kwa hatua za heshima. Ingolf akawa na rangi ya lile sweta lake la kijani, akaomba radhi kwa mchumba wake, akatoka ameshika ukuta. Mwalimu wa mazoezi ya bwawa, aliyekuwa amealikwa, alitoka anatambaa.

Mimi nikasubiri zamu yangu. Nikasubiri. Nikashika meza kwa mikono miwili, nikafumba macho.

Hakuna kilichotokea.

Nikafumbua jicho moja. Tumbo limetulia kama ziwa. Tena nikahisi njaa.

Miaka arobaini na miwili nimeikimbia bahari, nimedanganya mke, nimeficha tiketi, nimejipaka rangi, na kumbe ule ugonjwa ulishaniacha zamani, sijui lini. Sikuwahi kwenda kuuliza kama bado upo.

Ukumbi mzima tumebaki wawili, mimi na Bi Mkubwa. Anashikilia keki kwa mkono mmoja isianguke, kwa mwingine anakata.

"Kula, mkwe wangu," akasema. "Na kipande cha Turid ni chako pia."

Nilikula vitatu.

Nilichojifunza nawaambia bure. Kama jambo hulitaka, liseme siku ile ile viazi vikiwa bado vya moto mezani. Sisi tulikuwa watu watatu tunaopendana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, na kwa huruma hiyo tukadanganyana kutoka Hamar mpaka Bergen. Na ukimwona mtu wako amekubali jambo haraka mno, huku anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma, mwulize tena mkiwa wawili.

Siku hizi Ingolf anakaa kwa Bi Mkubwa, nyumba ya pili kutoka kwetu. Wiki iliyopita alikuja asubuhi, amevaa mabuti makubwa, akasimama mlangoni.

"Halvard," akasema, "barafu ya ziwani imekuwa nene. Twende tukatoboe tundu, tuvue samaki?"

Nilishafungua mdomo kusema ndiyo. Nikaufunga.

"Ingolf, usinielewe vibaya. Mimi kukaa juu ya barafu kwa muda wa saa tano kusubiri samaki sipendi."

Akanitazama. Akavua buti la kwanza.

"Ashukuriwe Mungu," akasema. "Na mimi sipendi. Nilidhani wewe ndio unapenda."

Akavua la pili, akaingia jikoni, nikaweka kahawa motoni.